Jukwaa la kudansi la nyumbani: lipi litadumu, lipi litakupotezea hela

Jukwaa au mkeka wa kudansi ni kifaa cha kuchezea gemu kwa miguu: unakanyaga mishale kufuatana na ile inayopita kwenye skrini. Kabla ya kutoa hela, jua gemu yako inataka mishale mingapi. Dance Dance Revolution ya Konami, iliyoanzia Japani mwaka 1998, ina mishale 4: kushoto, chini, juu na kulia. Pump It Up ya Korea Kusini, iliyokuja mwaka mmoja baadaye, ina sehemu 5 za kukanyaga, nne kwenye pembe na moja katikati. Mkeka wa gemu moja haukufai kwa nyingine. Kwa anayetumia kompyuta, StepMania ni ya bure na inachezesha mitindo yote miwili. Hapa tunazungumzia mishale 4.

Nafasi ya kwanza: jukwaa la fundi, la plaiwudi na bati

Tumeliweka juu kwa sababu moja: likiharibika Jumamosi asubuhi, jioni linacheza. Kila kitu kilichomo ndani kinapatikana mjini.

Besi ni plaiwudi ya milimita 18, sentimita 84 kwa 84, yaani miraba 9 ya sentimita 28. Shiti moja la kawaida hutoa besi mbili, hivyo mkiwa wawili gharama inapungua. Miraba 5 isiyo na mshale (katikati na pembe) ni plaiwudi ya milimita 12 iliyofungwa kwa skrubu. Vibao vinne vya mishale ni vya milimita 9. Chini ya kila kibao kuna bati mbili zinazotazamana, zikitenganishwa na utepe wa sponji wa milimita 3 pembezoni tu; ukikanyaga, zinagusana na mshale unaitika. Jumlisha 9 na 3: kibao kinalingana na majirani zake, na vidole vya mguu havijikwai. Kikate kibao kidogo kuliko nafasi yake, kibaki na milimita 2 kila upande, kwa sababu mbao huvimba wakati wa masika na kibao kilichobana hakirudi juu.

Nunua bati tambarare la geji 28, lile la mafundi wa ndoo na majiko. Bati la msauzi lina rangi, na rangi haipitishi umeme. Ligundishwe lote kwenye ubao, maana ukingo ukijikunja mshale utabaki umewaka wenyewe. Waya ufungwe kwa bolti na nati. Ukilehemu kwa tindikali ya fundi bati bila kuiosha, kutu itakula hapo hapo. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi na uache kitanzi kwenye bati la juu, kwa kuwa linacheza kila hatua; waya wa uzi mmoja hukatika.

Bati zote za juu zinaungana kwenye waya mmoja wa pamoja, za chini kila moja na waya wake: nyaya 5 kwa jumla. Zipeleke kwenye bodi ya Arduino Leonardo au Pro Micro, bodi ndogo za kielektroniki za kuwekewa programu, ambazo kompyuta huweza kuziona kama kibodi. Bodi ya kibodi chakavu ya USB inafaa pia, mradi vitufe vinne unavyochagua viwe kwenye laini moja ya pamoja. La sivyo ukibonyeza vitatu, cha nne kinaweza kujibonyeza chenyewe.

Baadaye, mshale usipoitika, fungua, sugua bati kwa msasa laini, futa kwa spiriti. Vumbi letu jekundu hupenya popote. Mshale ukikwama umewaka, sponji imelala: badilisha utepe.

Nafasi ya pili: la chuma la kuagiza

Majukwaa ya L-Tek ya Poland na mengine ya aina hiyo ni mazito, hayatelezi, na kwa mchezaji wa kasi ni matamu kuliko la fundi. Tatizo ni njia. Unalipia usafiri wa mzigo mzito, kisha ushuru unaopigwa juu ya bei pamoja na huo usafiri, halafu VAT ya Tanzania ya asilimia 18 juu ya hayo yote. Omba hesabu yote kwa wakala kabla ya kuagiza, na uagize vihisi vya akiba kwenye mzigo huo huo.

Nafasi ya tatu: mkeka mnene wa sponji

Unafaa kwa watoto na wanaoanza. Upigilie au ubandike juu ya plaiwudi ya milimita 9, usiukunje kamwe, cheza peku au na soksi. Ukiubana hivyo, hautembei kwenye vigae na tabaka za ndani hazisuguani. Usiweke kiti juu yake. Sponji iliyobonyea hairudi.

Nafasi ya mwisho: mkeka mwembamba wa kukunja

Ndani ni karatasi za plastiki zenye mistari ya kupitisha umeme. Mistari hukatika kwenye mikunjo na pale inapoingia kwenye kisanduku, na hailehemiki. Hata kwa bei ya mitumba ya soko la Memorial (Moshi) au Kilombero (Arusha), nunua tu kama utaupima kwanza.

Namna ya kupima

Nenda na kompyuta ndogo yenye StepMania na ufungue ukurasa wa kujaribu vitufe. Kanyaga kila mshale mara 20 ukianzia katikati, kisha pembe zake. Halafu ruka kushoto na kulia kwa pamoja. Vibadilishaji vingi vya bei nafuu vya mikeka ya PS2 (adapta za kuunganisha mkeka wa PlayStation 2 kwenye USB ya kompyuta) huona mishale hiyo miwili kama mwelekeo unaopingana na kuifuta yote, na kila mruko wa namna hiyo kwenye gemu utahesabiwa kosa. Hilo likitokea, jaribu kibadilishaji kingine kabla ya kuukataa mkeka.

Nyumbani, washa hali ya gemu (Game Mode) kwenye televisheni kabla ya kulaumu miguu au jukwaa. Picha inayochelewa huharibu mdundo mzima.