Friji gadi, stabilaiza, UPS au ekstensheni: kipi ununue kwanza

Vifaa vingi vya umeme majumbani haviuawi na radi. Vinauawa na umeme mdogo wa jioni, na umeme unaokatika kisha kurudi ghafla. Kwa sababu hiyo friji gadi ndiyo ya kwanza kununua, na ekstensheni yenye kinga ni ya mwisho, ingawa wengi huanza nayo.

Gadi hukata umeme volti zikishuka chini ya 185 hivi au zikipita 260 hivi. Umeme ukitulia, husubiri dakika 3 hadi 5 ndipo iuruhusu upite. Kusubiri huko ndiko unakolipia. Friji inapozimika ghafla, gesi hubaki na presha kubwa upande mmoja wa kompresa. Ikiwashwa papo hapo, mota hushindwa kuzunguka, huvuta umeme mwingi ikiwa imekwama, na waya wake wa ndani huungua. TV gadi nyingi husubiri sekunde chache tu, kwa hiyo usikubali kuuziwa hiyo kwa ajili ya friji. Kwa friji ya kawaida ya nyumbani, gadi ya ampea 5 inatosha. Ijaribu dukani: chomeka taa, zima soketi, washa tena, kisha hesabu muda kwa saa.

Lakini gadi haiongezi volti. Pima soketi yako kwa maltimita (kifaa cha kupima volti) kati ya saa 1 na saa 3 usiku, siku tatu mfululizo. Ukikuta 170 badala ya 230, gadi itakata usiku kucha na nyama itaoza. Hapo nunua stabilaiza, ambayo hupandisha volti zilizoshuka, na uwe makini na ukubwa wake, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Friji ya wati 150 huvuta mara tano au zaidi ya hizo inapoanza kuwaka, kwa hiyo stabilaiza ya VA 500 (VA ni kipimo cha mzigo wa umeme inaoweza kubeba) haifai. Chukua ya VA 1500 hadi 2000. Soma pia volti inazoweza kupokea: iliyoandikwa 180 hadi 260 haitakusaidia kwenye 170. Hakikisha nayo ina muda wa kusubiri.

UPS, yaani kifaa chenye betri inayoshikilia umeme ukikatika, ni ya kompyuta na ruta. Ya VA 650 hubeba wati zisizofika 400, kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Usichomeke pasi wala printa ya leza. Betri yake, kwa kawaida ya volti 12, huchoka baada ya miaka miwili hadi minne.

Ekstensheni yenye kinga huzuia volti zinazoruka juu ghafla kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Umeme wa volti 300 unaodumu unaweza kuiunguza. Kinga yake huisha kimyakimya huku soketi zikiendelea kufanya kazi, na bila waya wa athi (unaopeleka umeme ardhini) haifanyi kazi ipasavyo. Nyingine zina taa nyekundu tu, ndani hamna kinga yoyote.

Mvua ya radi ikikaribia, chomoa plagi, na waya wa antena pia.