TAHADHARI: Anayeuza "mechi ya uhakika" ya Michigan na Ohio State ni tapeli

Ndugu zangu wa Columbus, na Waswahili wote mlio huku Marekani, yule jamaa karudi. Safari hii kaja na namba mpya, lakini ujumbe ni ule ule alionilizia mwaka 2024, hata makosa ya herufi hajayasahihisha. Anadai ana mtu wake ndani ya chumba cha wachezaji, na kwamba matokeo ya Michigan na Ohio State, timu za vyuo za mpira wa Kimarekani, anayo mfukoni kabla mpira haujaanza. Msimtumie hata senti.

Nieleze alivyonipata, maana mikeka sikuanza kuchana jana.

Novemba ile alinitumia utabiri wa bure kwa WhatsApp. Wiki ya kwanza: Georgia Tech wataifunga Miami. Nikacheka, kwa sababu Miami walikuwa hawajapoteza hata mechi moja msimu ule. Georgia Tech wakashinda 28-23. Wiki ya pili akasema Georgia wataipiga Tennessee, ikawa 31-17. Ya tatu akanipa Oklahoma juu ya Alabama, mkeka ambao hata shabiki wa Oklahoma angeufikiria mara mbili. Ikaisha 24-3. Kufikia hapo mimi ndiye niliyekuwa namtafuta yeye.

Wiki ya nne ndiyo ya kulipia. Dola 350 kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana hela kupitia benki, na akaniagiza kwenye sehemu ya maelezo niandike "mchango wa msiba". Nikaandika! Mpaka leo nikifungua taarifa ya benki nauona ule msiba, na marehemu ni mimi.

Mechi yenyewe: Ohio State, nyumbani hapa Columbus, washinde kwa zaidi ya pointi 20. Kampuni za kubeti nazo zilikuwa zimekadiria watashinda kwa karibu pointi hizo hizo, basi maneno yake yakaniingia vizuri. Nikaweka dola 600. Ohio State wakakosa mikwaju miwili ya pointi tatu, Michigan wakapiga wa kwao zikiwa zimesalia sekunde 45, kwisha: 13-10 kwa Michigan. Nilikuwa nimesimama sebuleni na sahani ya pilau mkononi, pilau ikapoa hapo hapo. Nampigia, hapokei. Usiku ukaingia ujumbe: "Kaka mkubwa, mtu wetu wa ndani kaangushwa na refa. Tuma 200 nikupe ya kurudisha hela." Nilipogoma, akanibloku.

Siri yenyewe nilikuja kuijua kwa shemeji yangu, tena kwa bahati. Nilikuwa namsimulia kwa aibu, akanikatiza: "Huyo? Mimi aliniambia Miami. Wakafungwa, nikamfuta." Tukaweka simu mbili mezani. Siku ile ile, saa ile ile, sentensi zile zile, "kaka mkubwa" ile ile. Kilichotofautiana ni jina la timu tu.

Sasa pigeni hesabu naye. Chukua watu 800. Mia nne anawapa timu hii, mia nne ile. Waliopewa walioshindwa anaachana nao, waliobaki anawagawa tena: 400, kisha 200, kisha 100. Baada ya wiki tatu wapo watu 100 walioona kwa macho yao akipatia mara tatu mfululizo, na hakuna anayejua habari za wale 700. Kila mmoja akitoa 350, ni dola 35,000. Na hata hiyo ya kulipia anaigawa: 50 Ohio State, 50 Michigan. Nusu wanamlaani, nusu wanarudi na ndugu zao. Mpira wenyewe nadhani hata hauangalii.

Kingine cha kumuumbua. Safari hii, mbali na matokeo, anauza na "yadi za mchezaji", yaani mchezaji fulani atakimbia umbali gani. Hapa Ohio kubeti kumehalalishwa tangu Januari 1, 2023, kwa wenye miaka 21 na kuendelea, lakini dau la mchezaji mmoja mmoja wa timu za vyuo lilipigwa marufuku mwaka 2024. Mtu anayejua siri za chumba cha wachezaji halijui hilo?

Na tuseme kweli angekuwa na kipaji. Kwenye dau la pointi, yaani la timu itashinda kwa tofauti ya pointi ngapi, kwa kawaida unaweka 110 ili upate faida ya 100, kwa hiyo unahitaji kupatia zaidi ya mara 52 katika 100 ili tu usile hasara. Mwenye uhakika wa mara 100 katika 100 angekuwa na haja gani na 350 yangu, tena kwa jina la msiba?

Waliokwishatuma, ripotini benki leo leo, ingawa mimi niliambiwa hela nimeituma mwenyewe kwa hiari na haikurudi. Usifute ujumbe wake. Ulinganishe na wa mwenzio kwanza.

Juzi usiku kanitumia na mimi kwa ile namba mpya, kasahau alishanitapeli: "Kaka mkubwa, ya kwanza bure." Nikamjibu kwamba mchango wa msiba nilishatoa. Akanibloku tena.