Ipu heke: kibuyu cha hula, na namna ya kukichagua

Kwa anayejifunza hula kahiko, ile hula ya kale ya Hawaii inayochezwa kwa mashairi ya kughani, ipu heke ndiyo ngoma ya kununua kwanza. Ni vibuyu viwili vikavu vilivyounganishwa shingoni: cha chini kirefu, cha juu kidogo chenye tundu kileleni. Zamani viligandishwa kwa utomvu wa mshelisheli. Gundi ya dukani nayo inafaa, mradi isiache upenyo.

Mghani hushika shingo kwa mkono mmoja, akakigonga chini: “u”, mlio mzito. Akikiinua, huchapa ubavu kwa vidole vya mkono wa pili: “te”, mlio mkavu. Kibuyu kizuri hutenganisha milio hii waziwazi. Kibovu hulia kama debe tu, na mchezaji anayefuata mapigo kwa miguu hupotea.

Kasoro kubwa ni ukuta mwembamba. Gonga kwa kidole kuzunguka kitako: sauti ikibadilika ghafla mahali fulani, hapo pamelika au pana ufa. Kisha pinda kiungo taratibu, kikilia, kiache. Vilivyochongwa nakshi nyingi vinapendeza ukutani, lakini kila mchongo hupunguza unene. Bora kitupu.

Hakikisha pia kina kitanzi cha kitambaa cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, maana jasho huteleza. Na usikigonge kwenye saruji tupu. Tandika mkeka mnene au blanketi lililokunjwa, la sivyo kitako kitapasuka.