Agroveti ya upande wa soko la zamani Malindi: hawakuuzii dawa kabla ya kuona jani

Hii agroveti, duka la dawa na mbolea za shamba, naipa nyota nne, na hiyo moja niloinyima nitasema ni ya nini. Nina pilipili mbuzi kwenye makopo ya rangi ndani ya nyumba, pale dirishani, majani yakaanza kujikunja, nikiuliza kila mtu na lake, huyu asema virusi ng'oa, huyu asema tia mbolea ya CAN, na duka jingine hapo mjini sijamaliza hata kusema nishafungiwa chupa ya dawa ya wadudu.

Hapa yule dada muuzaji akanambia lete jani. Nikampelekea tawi zima, akaligeuza akaangalia chini kwa lenzi, asema utitiri, vile vijidudu vidogo mno, huuoni kwa macho na ukiwepo machipukizi ndo yanaharibika kwanza, yanakuwa membamba magumu yamejipinda kwenda chini. Hakuna. Nzi weupe pia hakuna, na hao wenye nyanya ndo wawaogope hasa, maana wanasambaza virusi vya kukunja majani na hiyo haina dawa, ni kung'oa tu. Basi akaniuliza, mamangu wamwagia maji gani? Ya kisima. Akacheka! Majani ya chini ndo yameanza, ncha zimeungua, juu ya udongo pana ukoko mweupe, ni chumvi hiyo bana. Maji ya visima vyetu si mwayajua, hata sabuni haitoi povu.

Na tiba wala haikuwa ya kununua: ongeza matundu chini ya kopo, mimina maji ya mvua au ya mfereji polepole kama mara mbili ya ujazo wa kopo yapite yote yatoke, mbolea simamisha kwanza. Akanambia kabisa yalokunjika hayanyooki tena, nitazame mapya. Mapya yametoka yamekaa sawa mashallah.

Sasa hiyo nyota. Salfa ya unga wanapima kwenye vikaratasi, lebo hamna, maelezo hamna. Jirani yangu kachukua ya utitiri siku ambayo dada hayupo, kapulizia saa sita mchana na kaskazi hili, salfa na joto haviendani, mche wote ukababuka. Waandike japo kwa kalamu, kiasi gani kwa lita na pulizia jioni, ni kazi gani hiyo jamani?

Ijumaa mchana wanafunga, nendeni asubuhi, na muulizieni yule dada mwenye lenzi.