Miezi minane na Hanna HI772: kipimo cha KH kwa mwenye tangi la kwanza la matumbawe

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla taa za tangi hazijawaka, nachota maji na kujaza kichupa hadi mstari wa mililita 10. Nakifuta kwa kitambaa laini, kwani alama ya kidole kwenye kioo inatosha kuharibu jibu. Nakitia kwenye kipimo, nabonyeza, kinasoma sifuri. Nakitoa, natia mililita 1 ya dawa kwa bomba la sindano, nakipindua taratibu mara tano bila kufanya povu, nakirejesha na kubonyeza tena. Leo: 8.0. Dakika mbili hazikutimia.

Hicho ndicho Hanna HI772, kidude kinachoenea kiganjani na kinachotumia betri moja ya AAA. Kinapima alikaliniti ya maji ya bahari, ambayo sisi wa matangi tunaiita KH, kwa digrii kutoka 0 hadi 20. Alikaliniti ni akiba ya baikaboneti na kaboneti iliyomo majini. Ndiyo inayozuia pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, isiyumbe, na humo ndimo tumbawe linamochota, pamoja na kalsiamu, kujengea mifupa yake. Maji ya bahari yenyewe yana takriban digrii 7, na mie naweka 8.

Nilianza na kipimo cha matone, kile cha kudondosha dawa mpaka rangi ya buluu igeuke waridi. Si kibaya. Kosa lilikuwa langu: nikipima usiku nikishatoka kazini, nimesimama mbele ya tangi, na taa za matumbawe wakati huo ni buluu tupu. Chini ya taa ile kila kitu ni buluu, kwa hiyo nikiendelea kudondosha na huku rangi imeshageuka zamani. Nikiandika 9 daftarini na kulala kwa raha. Nilikuwa na Euphyllia moja, lile tumbawe ambalo ncha za mikono yake zina umbo la nyundo. Likaanza kujikunyata. Siku ya tatu nyama ikaachana na mfupa upande mmoja, mfupa ukabaki wazi, mweupe pe. Niliumia sana, kiumbe hai kiko chini ya mkono wangu kinateketea na mie sijui kuyasoma maji yake. Duka nililokimbilia likaniuzia chupa ya kalsiamu bila hata kuniuliza KH yangu ni ngapi. Rafiki yangu ndiye aliyeniazima HI772 yake. Nikapima mchana: 6.1.

Hapo nikashika hesabu. Kupandisha lita 100 kwa digrii 1 kunataka kama gramu 3 za sodiamu baikaboneti. Tangi langu ni la lita 150, lakini ukitoa mawe na mchanga maji yanabaki kama 120, basi nusu digrii kwa siku ni gramu 1.8. Nikapima kwa kimizani kidogo cha dhahabu, nikayeyusha kwenye maji safi, nikamimina polepole mbele ya pampu kila asubuhi. Sikufanya pupa, maana KH ikiruka ghafla matumbawe huumia vilevile. Ilichukua siku kumi kufika 8.1, kiasi cha 0.2 kwa siku. Ile 0.3 nyengine ilikuwa inaliwa na matumbawe pamoja na mwani wa chokaa.

Hiyo 0.3 ndiyo sababu nikanunua changu. Tumbawe likijenga mfupa, kila digrii 1 ya KH huenda na kalsiamu kama sehemu 7 kwa milioni. Kwa hiyo kwa siku tangi langu linapoteza 0.3 katika 8, na kalsiamu 2 tu katika 420. Hakuna kipimo cha nyumbani kitakachokuonyesha hiyo 2. KH husema mapema, kalsiamu hutosha kupimwa mara moja kwa wiki.

Mtengenezaji ameandika kuwa jibu linaweza kupotoka 0.3 pamoja na asilimia 5 ya namba uliyosoma. Kwenye 8 hiyo ni 0.7, si ndogo. Basi usihangaike ukiona 7.9 leo na 8.1 kesho. Pima saa ile ile, kwa mkono ule ule, uangalie mwenendo wa siku kadhaa. Nilipotaka kujua tangi linakula kiasi gani, niliacha kuongeza kitu kwa siku tatu: 8.2 ikashuka hadi 7.3. Na angalia bomba la dawa, kipovu cha hewa kikijificha chini ya kisukumio, dawa haifiki mililita 1 na jibu si la kweli.

Kabla ya yote pima chumvi. Kwa kiyoyozi kinachowaka mchana kutwa hapa Muscat, tangi langu hupoteza karibu lita 2 kwa siku. Yanayopanda hewani ni maji matupu, chumvi inabaki, na KH inaonekana imepanda bure. Ami yangu aliniuliza, "Mwanangu, maji ya mfereji huku yameshatolewa chumvi, unayachuja tena ya nini?" Nikamwambia, "Ami, wakishayatoa chumvi huyarejeshea madini yasile mabomba, tena hutia klorini." Ndiyo maana maji ya kujazia yanapita kwenye mtambo wangu kwanza.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya dawa: chupa moja ni vipimo 25, haifiki mwezi kwa anayepima kila siku, na gharama hiyo haiishi. Mwenye samaki watupu bila matumbawe hakihitaji. Mwenye matumbawe anunue chupa mbili siku ile ile, na asome tarehe ya kuisha kabla hajalipa.