Tintin: toleo lipi ununue kwanza, na lipi uliache dukani

Vitabu vya katuni vya Tintin, kijana mwandishi wa habari na safari zake, viko 24, lakini matoleo yake sokoni yanachanganya kichwa. Hadithi ni zilezile za Hergé, Mbelgiji ambaye jina lake halisi ni Georges Remi, ila kila mchapishaji amezipunguza, kuzikuza au kuzibadilisha kwa namna yake. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, tazama ni nani aliyekichapa. Huu ndio mpangilio wangu, wa kwanza ukiwa bora zaidi.

1. Kitabu kikubwa, kimoja kimoja, cha rangi. Karibu saizi ya A4, kurasa 62. Hergé alichora akiwa na ukurasa huu akilini, na michoro yake imejaa vitu vidogo vidogo: kibao cha duka, namba ya gari, mbwa Snowy akifanya vituko vyake pembeni. Kwa Kifaransa tafuta jina Casterman, wachapishaji wake tangu 1934. Kwa Kiingereza utakuta Methuen kwenye vya zamani, kisha Egmont, na siku hizi Farshore. Usikubali kuongezwa bei kwa sababu ya "toleo jipya": tafsiri ni ileile ya Leslie Lonsdale-Cooper na Michael Turner. Cha mtumba kinatosha kabisa, bora uhesabu kurasa, maana za katikati hupenda kuchomoka.

Usianze na namba moja. Safari ya Usovieti ya 1929 ni kazi ya kijana aliyekuwa bado anajifunza. Anza na The Secret of the Unicorn, na ununue hapohapo Red Rackham's Treasure, kwa sababu cha kwanza kinakuacha njiani.

2. Vitatu ndani ya jalada moja gumu. Hivi vya wachapishaji Little, Brown wa Marekani ni juzuu saba zenye hadithi 21, na ukipiga hesabu ya kila hadithi bei ni nafuu. Tatizo ni udogo: ukurasa umebanwa hadi saizi ya daftari, na matusi ya Kapteni Haddock, baharia rafiki wa Tintin, unayasoma kwa kukodoa macho. Isitoshe, Unicorn inafunga juzuu ya tatu na hazina yenyewe iko juzuu ya nne! Mtoto ukimnunulia moja tu, jiandae kwa maswali.

3. Nakala za matoleo ya kale. Casterman huchapa upya matoleo ya mwanzo, mengine ya rangi nyeusi na nyeupe. Haya ni ya aliyekwisha kunogewa. Mfano mzuri ni The Black Island: Methuen waliwapelekea Wabelgiji orodha ya makosa 131 kuhusu Uingereza, ndipo msaidizi wa Hergé, Bob de Moor, akatumwa huko kuchora treni, sare za polisi na majengo yalivyo. Kitabu kikachorwa upya, kikatoka 1966. Ukiweka la kale na jipya mezani, unaona kabisa mkono wa mchapishaji. Mimi napenda la kale, pamoja na makosa yake.

4. Tintin huko Kongo. Padri Norbert Wallez, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Brussels, ndiye aliyetaka Hergé achore koloni hilo la Ubelgiji, na Hergé mwenyewe hakuwahi kufika huko. Wakongo wamechorwa kwa dharau, hilo halina mjadala. Toleo la rangi la 1946 lilibadilisha somo la "nchi yenu Ubelgiji" likawa hesabu za kujumlisha, lakini sura za watu zikabaki vilevile. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi la kukipiga marufuku. Mtu mzima anayefuatilia historia ya ukoloni anunue. Kama ni zawadi ya mtoto, hapana.

5. Alph-Art, hadithi ya mwisho ya Tintin. Hergé alifariki Machi 1983 kabla hajaimaliza, na kilichochapwa 1986 ni rasimu za penseli. Kwa msomaji wa kawaida ni hela iliyopotea. Hergé hakutaka mtu mwingine aendeleze Tintin baada yake, na warithi wameshikilia hivyo. Kwa hiyo muuzaji akikuletea hadithi "mpya" iliyokamilika yenye jina la Hergé juu ya jalada, hiyo ni ya kughushi. Mrudishie.