Kabla hujamkatia mgeni tiketi, pita Goliondoi

Ofisi ninayoisifu hapa haina bango la maana. Iko mtaa wa Goliondoi, Arusha, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya simu, na ngazi zake ni nyembamba kiasi kwamba mkikutana na mtu mmoja wenu lazima arudi. Ndani kuna meza mbili, kompyuta mbili, kalenda ya zamani ya shirika la ndege ambayo hakuna aliyejisumbua kuitoa, na mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni ambaye wateja wote tunamwita Mama Tiketi. Jina la ofisi hataki liandikwe mtandaoni, anasema wateja alionao wanamtosha. Wewe muulizie tu kwa watu wa utalii mtaani pale, utaelekezwa.

Mimi nafanya mapokezi kwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Mgeni akitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mimi ndiye niliyepanga gari, hoteli, vibali vya mlima, mpishi na wapagazi. Kwa hiyo safari ya mgeni ikivurugika Ulaya, simu inalia nyumbani kwangu, mtaa wa Sakina.

Bosi wangu huniuliza kila mara: kwa nini tumlipe mtu ada ya kukata tiketi wakati siku hizi hata mtoto anakata kwenye simu? Jibu langu ni ule mstari wa maandishi madogo chini ya namba ya ndege, unaosema ndege hiyo "inaendeshwa na" nani. Tovuti nyingi huuficha mpaka uubonyeze. Mama Tiketi yeye huanzia hapo. Anachapa ratiba, anachukua kalamu nyekundu, anauzungushia duara, na ndipo anapotaja bei.

Watu wa huku mstari huo si mgeni kwetu. Wangapi tumenunua tiketi ya Kenya Airways ya kutoka Nairobi, tukajikuta tumepanda ndege ya pangaboi, ATR, ya Precision Air, kampuni iliyoanzia hapa hapa Arusha? Hilo ni mashirika mawili kuuziana viti tu, halina ugomvi. Mama Tiketi anachokitafuta na kalamu yake ni kampuni tanzu: ndege yenye jina na rangi zinazofanana na za shirika kubwa, ila marubani wake wameajiriwa na kampuni nyingine, kwa mkataba mwingine, na mara nyingi kwa mshahara mdogo zaidi.

Msimu uliopita nilikuwa na familia ya watu wanne waliokuja kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Walijikatia wenyewe mtandaoni, kwa shirika la Ulaya ambalo silitaji. Siku mbili kabla ya safari, marubani wa shirika lile wakatangaza mgomo. Tovuti iliyowauzia ikawatumia ujumbe mmoja mkavu kwamba safari imefutwa, wasubiri maelekezo. Kusubiri ni rahisi ukiwa sebuleni kwako. Moshi nilikuwa na kikosi kizima: mpishi ameshanunua nyama na mboga, vibali vimeshalipiwa, na wapagazi wamekataa safari ya kampuni nyingine kwa sababu nimewaahidi hii. Mpagazi hulipwa kwa siku alizopanda. Mgeni asipofika, yule kijana aliyekuja na buti za kuazima anarudi kwao Marangu na nauli aliyojilipia mwenyewe.

Nikapanda zile ngazi mbio. Mama Tiketi hakunipa pole. Alisema, "Nionyeshe ratiba, mwanangu," akainua simu yangu karibu na miwani, akaandika vitu viwili vitatu kwenye kompyuta, kisha akaniambia kwamba asubuhi ile ile kuna ndege nyingine kutoka mji ule ule, ya shirika lile lile, inayoendeshwa na kampuni tanzu. Marubani wake hawamo kwenye mgomo, mkataba wao ni mwingine. "Waambie wageni wako walipigie shirika simu, wasiombe kusaidiwa. Waombe ndege hii," akanikatia kipande cha karatasi chenye namba ya ndege hiyo. Wageni walifika KIA usiku, wamechoka, wana begi moja pungufu, na kesho yake wakaingia geti la Machame. Kwa huduma hiyo hakunitoza kitu, kwa sababu tiketi hakuikata yeye.

Sasa, mimi ni mtu wa maswali. Siku niliyompelekea maparachichi ya shukrani nilimuuliza: Mama, hawa walioruka si ndio wanawavunjia wenzao mgomo? Akavua miwani. Kabla ya kufungua ofisi yake alikaa miaka mingi kwenye kaunta za uwanja wa ndege, na ukimgusa hapo andaa muda. Akaniambia nikasome habari za SAS, ndipo nirudi na swali langu.

Nikasoma. SAS, shirika la nchi za Skandinavia, liliwapunguza kazi mamia ya marubani wakati wa korona. Abiria waliporudi, marubani wale walitegemea kuitwa kazini kwao. Badala yake nafasi zikafunguliwa kwenye kampuni tanzu mbili, SAS Link na SAS Connect, na aliyetaka kazi ikabidi aombe upya, kwa masharti mapya, kana kwamba hajawahi kuirusha ndege ya SAS hata siku moja. Tarehe 4 Julai 2022 marubani wa Denmark, Norwe na Uswidi wakagoma kwa pamoja. Kesho yake kampuni ikaenda mahakamani New York kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mgomo ulichukua siku 15, safari 3,700 hivi zikafutwa na abiria wapatao 380,000 wakaguswa. Na siku zote hizo ndege za Link na Connect ziliendelea kuruka, kampuni yenyewe ikiwatangazia abiria kwamba hizo hazihusiki. Mwishoni ilikubali kuwarudisha marubani 450.

Nilipofika hapo ndipo nikaelewa kwa nini Mama Tiketi hakunijibu moja kwa moja. Mlango uliowaokoa wageni wangu ndio huo huo marubani wanaogomea kuwepo kwake. Ukiwa na kampuni ya pili inayoruka wakati ya kwanza imesimama, mgomo wa kampuni ya kwanza unakosa meno. Na wale wa kampuni ya pili nao huwezi kuwaita wasaliti, maana sheria za nchi nyingi zinawafunga: mkataba wao haujaisha, mgogoro si wao, wakigoma wanaweza kufukuzwa.

Sisi wa utalii haya tunayaona kila siku, ila hatuyapi jina. Kuna mtindo mjini hapa: kampuni ya safari yenye sifa inafungua nyingine pembeni, jina jipya, nembo mpya, kwa ajili ya wageni wa bei nafuu. Landkruza zinatoka yadi ile ile. Dereva wa kampuni ya kwanza ana mkataba, ana bima, ana mshahara hata mwezi wa nne mvua zikinyesha. Wa kampuni ya pili anaitwa kwa safari, analipwa kwa siku, na mwezi wa nne anakaa nyumbani. Madereva wa kwanza wakiomba nyongeza, bosi hagombani nao. Anahamisha wageni kidogo kidogo kwenda kwa wa pili, mpaka wale wa kwanza wenyewe wanaanza kuuliza kama kuna kazi. Wakati huo wote madereva wa pande mbili wanakula ugali kwenye kibanda kimoja pale Kisongo na hakuna anayemuuliza mwenzake analipwa ngapi.

Marubani wa Marekani waliliona hilo mapema, na njia waliyoichukua ina ukali wake. Kwenye mikataba ya hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, waliingiza kifungu kinachoiwekea kampuni mama mpaka: kazi gani inaweza kupewa kampuni ndogo zinazoruka kwa jina lake. Mpaka unaojulikana zaidi kwa mashirika makubwa ya huko leo ni viti 76 kwa ndege. Ndiyo maana utakuta ndege ambayo ingeweza kubeba watu zaidi imefungwa viti 76 tu. Kwa rubani wa shirika kubwa hiyo ni kinga. Kwa rubani wa kampuni ndogo ni dari, nayo imejengwa na mwenzake.

Mfano wake ni Comair ya Cincinnati, iliyokuwa mali ya Delta. Marubani wake waligoma tarehe 26 Machi 2001, wakakaa nje siku 89. Wao na marubani wa Delta walikuwa kwenye chama kimoja, ALPA, lakini mikataba ilikuwa tofauti, na orodha za ukongwe, zile zinazoamua nani anapanda kwanza na nani anapunguzwa mwisho, nazo tofauti. Wa Comair walikuwa wameomba orodha hizo ziunganishwe, chama kikakataa. Baadhi ya marubani wa kampuni ndogo wakakishtaki chama chao wenyewe, wakidai kinawapendelea wa mashirika makubwa. Comair ilifungwa Septemba 2012. Kwa hiyo mtu akiniambia mshikamano ni kuwa na kadi ya chama kimoja, namuuliza: orodha je, ni moja?

Ufaransa wao walidai karibu kitu hicho hicho. Septemba 2014 marubani wa Air France waligoma wiki mbili kupinga jinsi Transavia, kampuni tanzu ya bei nafuu, ilivyokuwa inapanuliwa, wakitaka mkataba mmoja kwa kila rubani wa kundi zima la Air France anayerusha ndege ya viti zaidi ya 100. Mkataba huo hawakuupata, ila mpango wa kufungua vituo vya Transavia nje ya Ufaransa na Uholanzi ulitupwa.

Na kama unadhani haya ni ya mbali, KIA imewahi kupokea ndege ya Discover kutoka Frankfurt, kampuni tanzu ya Lufthansa iliyoanza kuruka 2021 kwa jina la Eurowings Discover. Huko tanzu yenyewe ndiyo iliyogoma. Walikuwa wanadai mkataba wa hali bora, kwa sababu kampuni ilianza bila huo. Agosti 2024 uongozi ukasaini na chama kimoja, Verdi, na vyama viwili vingine, cha marubani na cha wahudumu wa ndani, vikaitisha mgomo wa siku nne kwa kuwa vyenyewe vilikuwa mezani tangu awali. Yaani hata ndani ya ndege moja waliweza kugawanyika. Mama Tiketi alikuwa na ratiba za siku zile kwenye faili, zimejaa duara nyekundu.

Jirani zetu pia walionja. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma siku chache mpaka mahakama ikawarudisha kazini. Chanzo hakikuwa kampuni tanzu, kilikuwa mfuko wao wa akiba na malipo yaliyocheleweshwa. Lakini Kenya Airways inayo tanzu ya bei nafuu, Jambojet, tangu 2014, na wakala anayejua kazi yake hazichanganyi hizo mbili.

Nilimuuliza Mama kama hapa kwetu dereva wa kampuni moja anaruhusiwa kugoma kumuunga mkono wa kampuni dada. Akasema yeye ni wa tiketi, nimuulize mwanasheria. Mwanasheria akanionyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: inaruhusiwa, chama kikitoa notisi ya siku 14 kwa mwajiri wa pili, yaani wa hao wanaounga mkono, kukiwa na uhusiano kati ya waajiri hao unaoweza kumbana yule wa kwanza, na mgomo wenyewe usipitilize kiasi. Kifungu kizuri sana. Madereva ninaowajua mimi hawana chama, kwa hiyo notisi hiyo sijui ataisaini nani.

Turudi ofisini, maana nilikuja kutoa tathmini. Ada yake ni shilingi elfu ishirini kwa tiketi ya nje, na ukimletea kundi anapunguza bila kuombwa. Bei zake mara nyingi si za chini kabisa. Ukitaka ya chini kabisa, baki na simu yako. Risiti anatoa. Kadi za benki hapokei, ni taslimu au kwa simu. Kijana wa meza ya pili ni mpole na mwepesi, lakini ile kalamu nyekundu bado hajapewa, kwa hiyo kama safari yako ina kuunganisha ndege, subiri Mama amalize na mteja wake hata kama ni nusu saa. Kiti cha kusubiria ni kimoja na mguu wake mmoja unacheza.

Nenda na ratiba uliyoichapa, siyo picha ya skrini, kwa sababu picha nyingi hukatwa juu ya mstari anaoutaka yeye. Kama mgeni wako anapitia Ulaya kati ya Juni na Septemba, muulize wazi ni kampuni zipi zina mikataba inayoisha mwaka huo, anazo kwenye daftari.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya simu yake: ikipita saa kumi na mbili jioni haipokelewi, na migomo mingine ya Ulaya hutangazwa usiku.